Mteja anataka nimchoree farasi wa Wabhil ukutani, nichore au niache?

Brashi_Dunda (Bagamoyo)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mchoraji, nipo Bagamoyo huku Dunda, kazi zangu kubwa ni vibao vya maduka, kuta za shule za chekechea na hizi nyumba za wageni za ufukweni, na msimu wa watalii ukifika nachora Tingatinga kama wenzangu wote. Sasa juzi kuna mama mmoja ana nyumba ya wageni kanipigia, nikaenda, akanitolea simu akanionyesha picha akasema ukuta wa mapokezi anautaka hivi hivi, asione tofauti hata ya ukucha.

Picha yenyewe ni ukuta mweupe umejaa farasi, wekundu, wa bluu, wa njano, wa kijani, wamepangana kama wapo kwenye msafara, miili minene, shingo zimenyanyuka, vimiguu vyembamba. Juu kuna jua na mwezi. Kuna tembo, kuna watu wanalima na ng'ombe, wanawake wanachota maji kisimani, halafu kilichoniua kabisa kuna mtu kapanda mti kama mvumo anagema tembo! Nikasema hawa ni watu wa huku huku tu jamani.

Nikauliza uliza nikaambiwa inaitwa Pithora, ni ya watu wa India wanaitwa Wabhil, na kwamba ni mambo ya ibada. Hapo ndio nikapata baridi. Nusu ya pesa nimeshachukua na ada ya mtoto nimeshalipa nayo, kwa hiyo msiniambie tu "acha" mkaondoka. Naomba anayejua anieleze ile picha ni nini hasa. Na jingine, wale wanachora kwenye ukuta wa udongo na inakaa, mimi mwaka jana nilichora ukuta wa nyumba karibu na bahari kwa rangi nzuri kabisa ya maji, miezi minne tu ikafunguka kama magamba ya changu, mwenye nyumba mpaka leo tukikutana sokoni anaangalia upande.

Chura_wa_Ruvu

Pesa umeshakula halafu unauliza kama chakula ni halali 😂 chora mkuu. Mzee Tingatinga alianza pale Oysterbay 1968 na vipande vya hardboard na rangi za baiskeli, amefariki 1972, leo kila mtu kuanzia Mwenge mpaka Nungwi anachora chui wake na twiga wake na hakuna aliyeenda kuomba ruhusa kwa mtu.

Wa_Baroda

Brashi pole, na hongera kwa kuuliza kwanza. Mimi nilisoma Vadodara, mji wa jimbo la Gujarat huko India, miaka mitatu, sisi Watanzania pale tulikuwa tunauita Baroda kwa jina la zamani. Darasani nilikuwa na jamaa yangu Mrathwa, yaani wa kabila la Warathwa, kwao ni Chhota Udaipur, mashariki ya Gujarat, unapanda basi kama kilomita mia na ushee hivi karibu na mpaka wa jimbo la Madhya Pradesh. Sikukuu moja akanichukua kwao. Kwa hiyo ninachokwambia kingine nimekiona kingine nimesimuliwa na baba yake kwa Kigujarati mtoto akinitafsiria, mnivumilie.

Kwanza picha hii wanayo Warathwa, Wabhilala na Wabhil wenyewe, kwa upande wa Madhya Pradesh utaikuta Jhabua na Alirajpur. Wabhil sio kakikundi, sensa ya India ya 2011 iliwahesabu kama milioni 17, wametapakaa majimbo kadhaa.

Nyumba ya baba yake ipo hivi. Unaingia barazani, baraza pana lenye paa, ndani ng'ombe wanafungwa upande mmoja, halafu kuna ukuta wenye mlango wa kuingia jikoni. Picha ipo kwenye ukuta huo huo wa kati, baraza huku jiko kule. Sikutegemea. Nilidhani nitapelekwa hekaluni nivue viatu, kumbe nimeketishwa kwenye kitanda cha kamba nimepewa chai na farasi wako nyuma ya kisogo changu. Nasikia sufuria zinagongana, moshi unatoka mlangoni unapanda juu unapita usoni kwa farasi wa kwanza, yule farasi alikuwa wa njano lakini pua imeshakuwa kahawia kwa masizi. Katikati ya wale farasi kuna msumari umegongwa, umening'inia mfuko wa mbegu. Na kwenye kona ya juu ndege, ndege hii ya abiria, na chini yake saa ya ukutani. Nikauliza ndege inatafuta nini kwa miungu, mzee akacheka akasema dunia ikibadilika na ukuta unabadilika, ukuta lazima uwe na kila kitu kilichopo.

Sasa kwa nini ilichorwa. Yule jamaa yangu alipokuwa mdogo aliugua sana. Baba yake akaenda kwa badvo, huyo ndio mganga na ndio kuhani wao, akaambiwa weka nadhiri kwa Baba Pithoro, mungu wao mwenye hiyo picha, mtoto akipona utamkaribisha huyo mungu nyumbani kwako. Mtoto akapona. Lakini nadhiri ni gharama, mbuzi, kuku, pombe, kulisha kijiji, mzee ilimchukua miaka kukusanya. Wengine wanaweka nadhiri kwa ajili ya mvua, au mifugo inakufa, au mke hapati mtoto. Kwa hiyo ule ukuta ni deni limelipwa, na kila anayeingia barazani anaona kwamba limelipwa.

Siku zikifika wasichana ambao hawajaolewa ndio wanauandaa ukuta, wanasiriba kwa udongo na samadi ya ng'ombe halafu wanapaka chokaa nyeupe juu. Wanawake kazi yao inaishia hapo, kuchora ni wanaume. Wachoraji wanaitwa lakhara, na hili shika vizuri, hilo neno linatokana na kuandika. Hawasemi wanachora Pithora, wanasema wanaiandika. Rangi ni za unga, wanakoroga na maziwa na pombe ya mahua. Mahua ni mti, maua yake yakidondoka wanaokota wanakausha wanavundika wanatoneza, ukionja utajua ni gongo yenye harufu ya ua. Brashi zao vijiti vimetafunwa ncha, yaani mswaki wa mti kabisa, ingawa siku hizi wengi wana rangi za kopo na brashi za dukani.

Wanapoandika badvo yupo na ngoma anaimba kisa chote, maana kila farasi ana mwenyewe. Kuna wa Baba Ganeh, huyu ndio anatangulia, kuna wa Pithoro mwenyewe, wa Rani Kajal, wa Indi Raja na wengine, na yule wa kwenye tembo ni Raja Bhoj. Kisa kirefu, kifupi chake Pithoro alizaliwa nje ya ndoa, mama yake akaona aibu akamwacha mtoni, Rani Kajal akamwokota akamlea, kijana alipokua akaenda barazani kwa wakubwa kuuliza ukoo wake. Mwisho anaoa, na ule msafara wa farasi unaouona ni harusi yake, miungu yote imealikwa. Upande wa Wabhil wa Jhabua wanasimulia tofauti, kwamba ulikuja wakati watu wakasahau kucheka, Pithora akapanda farasi akaenda mbali kwa mungu wa kike akarudi na kicheko. Mimi hiki cha pili ndio nakipenda zaidi lakini jamaa yangu aliposikia akasema hao wa kule juu wanachanganya.

Ile fremu pembeni ni mpaka, na ukitazama chini katikati hawajaifunga, wameacha uwazi. Huo ni mlango, na chui milia wawili wanaulinda. Wakimaliza badvo anapandwa, anatetemeka, anaupitia ukuta mzima anataja mmoja mmoja, huyu fulani huyu fulani. Akiona kuna aliyesahauliwa lakhara anaongeza hapo hapo. Badvo akiridhika ndio mbuzi wanachinjwa. Kabla ya hapo ni rangi tu ukutani.

Kwa hiyo jibu langu Brashi, hata ukichora ukamaliza hutakuwa umechora Pithora, maana hakuna nadhiri wala badvo. Lakini utakuwa umechukua harusi ya watu ukaiweka nyuma ya meza ya funguo za vyumba.

Chura_wa_Ruvu

Maelezo mazuri lakini mbona hao hao wanauza kwenye karatasi na vitambaa? Nimetafuta sasa hivi zipo kibao mtandaoni.

Wa_Baroda

Wanauza ndio, na wanatambulika, Paresh Rathwa kapewa nishani ya Padma Shri na serikali ya India 2023 kwa kazi hiyo hiyo. Anayeuza ni mwenye harusi Chura. Bibi yako akiuza kanga yake sawa, jirani akiianua kambani akaiuza utamwita nani?

Mzee_Chumbageni (Tanga)

Wanangu salaam. Huwa nasoma napita lakini hili la kuandika limenigusa.

Sisi Waswahili tunalo. Mtu akiumwa anaandikiwa kombe, sahani nyeupe, kalamu, zafarani, maji ya waridi, maneno yanaandikwa kisha yanasuuzwa mgonjwa anakunywa. Marehemu babu yangu alikuwa anaandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Siku moja alikuja mgeni, mzungu wa mambo ya makumbusho, akaiona sahani imeandikwa inasubiri mgonjwa, akataka kuinunua vile ilivyo. Babu akamwambia sahani nakuuzia, chukua, lakini subiri mwenyewe aje anywe kwanza. Mgonjwa akaja akanywa, mzungu akapewa sahani tupu. Akaondoka amenuna.

Mimi dini yangu haikubali hayo ya kuchora miungu wala kuchinjia ukuta, hilo sifichi. Ila la mtu na nadhiri yake nalielewa, na picha iliyoandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa mtu mimi singeipaka kwenye hoteli. Kijana rudi kwa huyo mama umwambie kweli, pesa ya ada usiogope, mchoree kitu kingine.

Brashi_Dunda (Bagamoyo)

Shikamoo mzee. Wa_Baroda asante sana, nimesoma mara mbili na mke wangu nimemsomea, amekwama kwa yule mtoto wa mtoni.

Tatizo mama anapenda hasa zile rangi na ule wingi wa vitu, yaani ukuta hauna nafasi tupu. Nikimpelekea mkorosho na machweo atanifukuza.

Dada_wa_Kaole

Brashi mimi nimepita chuo cha sanaa hapo hapo TaSUBa, sio upande wa uchoraji lakini kuna mwanamke wa Kibhil ambaye habari zake nazipenda zitakufaa, anaitwa Bhuri Bai. Kwao ni Pitol, wilaya ya Jhabua. Alikwenda Bhopal, mji mkuu wa Madhya Pradesh, kufanya kibarua cha ujenzi, kubeba zege na tofali kichwani, wakati wanajenga Bharat Bhavan, hiki kituo kikubwa cha sanaa kilichofunguliwa 1982. Mkuu wa sanaa pale alikuwa mchoraji J. Swaminathan, alikuwa na tabia ya kuwaita vibarua anawauliza kwenu mnachora nini, hebu nichoreeni. Bhuri Bai hofu yake ya kwanza ikawa na kibarua changu nani atanilipa! Akaambiwa utalipwa kuchora. Akapewa karatasi na rangi za kopo, yeye aliyezoea udongo na majani na masizi, akashangaa rangi inavyoteleza.

Sasa sikia. Wa_Baroda kasema kuchora Pithora ni wanaume. Bhuri Bai alikuwa anajua farasi wa Pithora wanavyokaa, kazaliwa nao, lakini farasi wale akawaacha kwa wenyewe. Akachora vyake: miti, tausi, wanyama wa porini, harusi, watu wa kijijini kwao, baadaye ndege za abiria na basi. Anajaza ndani kwa nukta, nukta nukta nukta, mpaka mnyama anaonekana kama kavaa shanga. Wachoraji wa Kibhil wa Bhopal kila mmoja ana mpango wake wa nukta, ukizizoea unamjua mtu bila kusoma jina, Lado Bai hivi, huyu hivi, kama unavyomjua fundi wa Tingatinga kwa jicho la ndege wake. 2021 akapata Padma Shri.

Na yeye ni Mbhil wa damu na bado kuna kitu hakukigusa, akaangalia pembeni yake akakuta vitu tele. Wewe Dunda unakosa vitu? Asubuhi nenda soko la samaki ukae saa moja tu, ukuta wako hautatosha.

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Nimekuja kwenye swali la pili maana naona wote mmelikimbia, mambo ya miungu mnayaweza ya lipu hamyawezi.

Brashi ukuta wako wa mwaka jana naweza kukwambia bila kuuona. Nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, mtu kaja kapiga lipu ya simenti, juu kapaka rangi ya maji ya plastiki, si ndio? Yale mawe yana chumvi na yananyonya maji kutoka chini. Zamani walitumia chokaa, maji yanaingia na kutoka, ukuta unapumua. Simenti na rangi ya plastiki vimeuziba, maji yakitafuta njia yanakuja na chumvi, chumvi inakauka nyuma ya rangi inaisukuma, magamba hayo. Hata ungenunua rangi ya gharama kubwa ya nje ni hivyo hivyo.

Wale Wahindi ukuta wao wa udongo na samadi na chokaa unapumua, ndio maana. Na samadi msiicheke, ina nyuzi nyuzi za majani zinashika udongo usipasuke, bibi zetu Ubondei walikuwa wanasiriba nyumba hivyo hivyo wanamalizia na udongo mweupe. Halafu ukuta wao upo ndani, chini ya baraza, mvua haiupigi. Tena maziwa yale sio uganga tu, maziwa ni gundi, yakikutana na chokaa yanashika rangi kwelikweli.

Wewe fanya hivi. Gonga lipu yote ya simenti ya huo ukuta wa mapokezi kama jengo ni la mawe, piga lipu ya chokaa na mchanga wa mtoni, narudia wa mtoni, usichukue wa pwani ukaniletea chumvi upya. Uache ukauke, wiki tatu nne, usiharakishwe na mwenye nyumba. Chokaa uliyoloweka siku nyingi paka mikono mitatu myembamba, halafu chora kwa rangi za unga zinazovumilia chokaa, udongo mwekundu, njano ya udongo, masizi. Kama jengo ni la tofali za simenti sahau nilichosema, chora na rangi yako ya kawaida ulale.

Brashi_Dunda (Bagamoyo)

Fundi umenisoma kama kiganja. Ni mawe, tena ukuta wa huyu mama nao nimeugonga kwa kidole leo unalia tupu.

Mrejesho wakuu. Nimekwenda asubuhi. Nikamweleza mama kisa chote, nadhiri, mganga, harusi, mtoto mtoni. Akanisikiliza kimya, nikadhani ndio kazi imekwenda. Akaniuliza, kwa hiyo hawa wote wamealikwa na kuna mtu wa kuwahesabu? Nikamwambia ndio. Akasema basi waache kwao, hapa nitawahesabia nani. Ila mgema simwachii, mgema nimempenda, na babu yake mwenyewe alikuwa anagema huko Kaole.

Tumekubaliana ukuta ujae lakini ujae vya kwetu. Mgema wa mnazi na kibuyu chake kiunoni, majahazi badala ya farasi, hayo nimemwambia nitayapanga kama msafara maana kile kitu cha mpangilio ndio kimenishika hata mimi, wanawake wa dagaa, mtoto wa ngoma, wauza urojo, bodaboda kapakia godoro, na ndege ya abiria kona ya juu hiyo nimeiomba mimi. Nukta za Bhuri Bai sitaki kuziiba, nimeanza kujaribu kujaza matanga kwa michirizi kama ukili wa mkeka, nitawawekea picha mseme. Fremu sichori kabisa. Kuhusu wiki tatu za kukausha kanuna lakini kakubali, wageni wake wanaanza kuja mwezi wa sita.

Fundi swali la mwisho, hayo maziwa ni ya aina gani na kiasi gani, maana nimemuuliza jirani mwenye ng'ombe ameniangalia kama nimepandwa.

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Maziwa yaliyotolewa mafuta, ukiacha mafuta ukuta utanuka na mainzi watahamia mapokezi. Yaache usiku kucha uondoe utando wa juu, kesho uondoe tena. Jaribu kwanza kipande kidogo nyuma ya mlango, kikikauka kisugue kwa kiganja, kikitoa unga ongeza maziwa, kikipasuka umezidisha.

Chura_wa_Ruvu

Na ile gongo ya mahua kwenye rangi tunaweka nini?

Mzee_Chumbageni (Tanga)

Chura nenda kalale.